Bawaba na Kana: Historia ya Majina ya Trela la Malazi na Jinsi Linavyokata Kona

Neno trela limekwisha kupata uraia katika Kiswahili, wala makala haya hayakusudii kulifukuza. Mkulima husema trela la trekta, dereva wa masafa marefu husema trela la lori, na mgeni ajaye na nyumba yake nyuma ya gari huambiwa naye kuwa ana trela. Katika njia iliyonyooka neno hilo moja latosha kabisa, kwa kuwa vyombo vyote hivyo hufuata nyuma tu kama mkia. Taabu huanza penye kona nyembamba: langoni mwa kambi, katika uchochoro wa mji wa kale, au katika mapindi ya barabara ya mlimani. Hapo kimoja hukata ndani na kupanda ukingo. Kingine hutupa mkia nje na kugonga nguzo. Cha tatu hufuata nyayo za gari kwa utiifu, lakini hakikubali kurudi nyuma. Mtafsiri wa kijitabu cha mafunzo aliyeviita vyote trela bila kuongeza neno huwa amemficha msomaji jambo lile lile lililomfanya akitafute kijitabu.

Kinachovitofautisha vyombo hivi penye kona si rangi wala fahari yake, bali ni mahali bawaba ilipo. Kwa bawaba tunakusudia kile kiungo ambapo gari na trela hukunjana, kama ubao wa mlango unavyokunjana na mwimo wake. Historia ya nyumba zinazovutwa, ambayo ni ya Waingereza na Wamarekani zaidi kuliko yetu, ni historia ya kuihamisha bawaba hiyo: mara ikawekwa chini ya nyumba yenyewe, mara nyuma ya gari, mara juu ya mgongo wa gari. Kila ilipohamishwa lilizaliwa jina jipya, au jina la zamani lilipewa kazi mpya. Na kwa kuwa majina hayo ndiyo yanayotufikia mezani yakiomba Kiswahili, yafaa tujue yalikotoka kabla ya kuyavisha kanzu yetu.

Tuanze na karavani. Asili yake ni Kiajemi, karwan, yaani kundi la wasafiri waendao pamoja na wanyama na mizigo yao. Neno lilipoingia katika lugha za Ulaya lilibaki kwanza na maana hiyo. Baadaye Waingereza wakalitumia kwa gari kubwa lililofunikwa, na katika karne ya 19 likawa jina la nyumba ya magurudumu ya watu wa maonyesho na ya watu wa kuhamahama. Hivyo jina la kundi zima likawa jina la chombo kimoja. Wamarekani hawakwenda mbali kiasi hicho. Kwao karavani ni msafara hata leo, na nyumba inayovutwa huitwa trela la kusafiria. Sisi tuna neno msafara, lenye asili ya Kiarabu, lililozoeleka katika njia ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji na lililo hai hadi sasa. Mtafsiri akutanapo na karavani hana budi kuuliza kwanza mwandishi anatoka upande gani wa Atlantiki.

Suala hili si la mezani tu. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliondoka Cape Town na kundi la wenzake wakivuta matrela ya malazi 41, matrela yale ya bati la alumini ling'aalo kama samaki. Walivuka ikweta, wakapanda Ethiopia, na mwaka 1960 wakamaliza safari yao Misri mbele ya mapiramidi. Wenyewe waliiita safari hiyo karavani. Anayetafsiri habari zake na kuandika kwamba karavani la Byam lilivuka ikweta humwonyesha msomaji nyumba moja ikipita peke yake. Akiandika msafara, matrela yote 41 yanaonekana na vumbi lake.

Nyumba ya kwanza mashuhuri iliyojengwa kwa ajili ya starehe ya safari tu haikuvutwa na motokaa bali na farasi. Mwaka 1885 William Gordon Stables, Mskoti aliyekuwa daktari katika jeshi la majini la Uingereza na kisha mwandishi wa vitabu vya vijana, aliagiza gari la malazi katika karakana ya Bristol. Aliliita Wanderer, yaani Mzururaji, akasafiri nalo kutoka kusini mwa Uingereza hadi Inverness huko Uskoti. Lilikuwa na uzito wa tani mbili hivi, na mtumishi wake alitangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili kuwaonya watu waliokuja. Tahadhari hiyo inatosha kutuambia hali ya njia nyembamba za vijijini na ugumu wa kupishana na jumba la namna ile penye kona. Msomaji wa pwani atapendezwa kujua kwamba Stables, aliyeyajua maisha ya melini, hakuliita gari lake nyumba. Aliliita jahazi la anasa la nchi kavu. Tutarudi kwenye lugha ya mabaharia baadaye, maana ina msaada mkubwa kwetu kuliko ilivyokuwa kwake.

Magari ya farasi ya namna ile yalikuwa na magurudumu manne, na bawaba ilikuwa chini ya sakafu: ekseli ya mbele nzima, pamoja na magurudumu yake mawili, iligeuka juu ya bangili kubwa ya chuma iliyolazwa bapa. Kwa kuwa bangili hiyo ni ya mviringo, na magurudumu ya kawaida ni manne, mafundi wa Uingereza waliiita gurudumu la tano. Jina hilo tuliweke akiba. Ubaya wa mtindo huo ulijulikana mapema. Ekseli nzima inapogeuka sana, magurudumu ya mbele huingia chini ya gari, msingi wa kusimamia hupungua, na gari refu la juu huweza kupinduka. Georg Lankensperger, mtengenezaji magari wa Munich, alibuni njia ya kuliacha kila gurudumu ligeuke kwenye egemeo lake mwenyewe, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann alisajili hataza ya ubunifu huo mjini London. Motokaa za baadaye zilifuata njia hiyo, nayo ikabaki na jina la Ackermann, aliyekuwa wakala tu. Watunga istilahi wanaopenda kuviita vitu kwa majina ya watu wazingatie mfano huo.

Motokaa ilipokuja, nyumba ilipoteza magurudumu yake mawili ya mbele. Mwaka 1919 kampuni ya Eccles ya Birmingham ilianza kutengeneza makaravani ya kuvutwa na motokaa. Umbo lililoshinda tangu wakati huo hata sasa ni sanduku lenye ekseli moja karibu na katikati, au ekseli mbili zilizokaribiana, likitanguliwa na mkono wa chuma unaokwenda kushika nyuma ya gari. Siku hizi mkono huo aghalabu huvikwa juu ya tufe la chuma. La Ulaya lina kipenyo cha milimita 50, na lile la Marekani lililo karibu nalo kwa ukubwa lina inchi 2, yaani milimita 50.8. Tofauti haifiki milimita moja, na mtafsiri anayebadili inchi kuwa milimita kwa kukadiria huweza kumfanya mtu aamini kwamba kifuniko kimeshika tufe kumbe hakikushika. Neno ndoano, linalotumika sana mitaani, halifai hapa. Ndoano huingia katika pete, nayo ni kiungo cha namna nyingine.

Sasa tutazame kona. Gari likigeuka, magurudumu yake ya nyuma hupita ndani ya njia ya magurudumu ya mbele. Hilo kila dereva anajua. Trela nalo hupita ndani zaidi. Ni kiasi gani? Jibu limo katika kanuni ya Pythagoras ambayo wanafunzi wa sekondari wanaifahamu. Chukua nusu kipenyo cha duara linalopitwa na ekseli ya nyuma ya gari, uiweke katika mraba. Ongeza mraba wa umbali kutoka ekseli hiyo hadi kwenye bawaba. Toa mraba wa umbali kutoka kwenye bawaba hadi ekseli ya trela. Kipeo cha pili cha kilichobaki ndicho nusu kipenyo cha duara la trela. Gari linalozunguka duara la mita 8, lenye tufe mita 1.2 nyuma ya ekseli yake, likivuta trela ambalo ekseli yake iko mita 5 kutoka kwenye tufe, litalifanya trela hilo lizunguke katika duara la mita 6.4 hivi. Maana yake, limekata ndani kwa zaidi ya mita moja na nusu. Mtoto aliyesimama ukingoni akidhani gari limekwisha kumpita hajapitwa bado.

Ziko hatari mbili za upande wa pili ambazo hesabu hiyo haizionyeshi. Ya kwanza ni kwamba tufe liko nyuma ya ekseli ya gari. Dereva akikata kushoto, mkia wa gari hutupwa kulia kwanza, nao hukisukuma kichwa cha trela kulia kabla trela halijaanza kufuata. Ya pili ni mkia wa trela lenyewe. Sanduku refu lililokaa juu ya ekseli ya katikati lina sehemu kubwa inayoning'inia nyuma, na wakati ubavu wa ndani unapokaribia nguzo ya kushoto, kona ya nyuma ya nje hufagia kuelekea nguzo ya kulia. Ndiyo maana malango mengi ya kambi yana alama za kugongwa pande zote mbili. Kwa dhana hizi mbili tunapendekeza vitenzi ambavyo tayari viko vinywani mwa watu: trela hukata ndani, mkia hufagia nje. Hatuoni sababu ya kutafuta nomino ndefu zenye mizizi ya kigeni pale ambapo kitenzi cha nyumbani kinaonekana kwa macho.

Wakati huo huo, kwingineko, bawaba ilikuwa imekwisha kupandishwa juu. Mwaka 1914 mjini Detroit, mhunzi August Fruehauf aliombwa na mfanyabiashara wa mbao amtengenezee chombo cha kuvutia mashua kwa motokaa ya Ford. Fruehauf alitengeneza trela lisilo na magurudumu ya mbele, ambalo kichwa chake kilikaa juu ya gari lenyewe, akaliita nusu-trela. Mantiki yake ni wazi: nusu ya chombo hubebwa na gari, nusu hujibeba. Madereva wa Tanzania wamelipokea jina hilo wakalikata kichwa na mkia, wakabaki na semi. Na trela lenye magurudumu yake ya mbele, linalovutwa kwa mkono wa chuma nyuma ya lori, huliita puling. Maneno hayo hayapendezi masikioni mwa wasanifishaji, lakini msomaji aone jinsi madereva wenyewe, bila kamati, walivyohisi kwamba trela moja lisiloelezwa halitoshi.

Nyumba nazo zikafuata mizigo. Katika miaka ya mwisho ya 1920, mbunifu wa ndege Glenn Curtiss alitengeneza matrela ya malazi ambayo shingo yake ilipanda juu na kukaa nyuma ya gari dogo, ikishikwa na gurudumu la ndege lenye mpira wa upepo lililolazwa bapa ili kupunguza mtikisiko. Hapo kwa mara moja jina gurudumu la tano lilikuwa kweli tupu. Kabla yake ilikuwa bangili tu, na baada yake ikawa sahani ya chuma yenye ufa. Lakini jina liliendelea, na Wamarekani walipoanza kuyaweka matrela ya malazi katika vitanda vya pikapu, trela zima likaitwa gurudumu la tano, kama kwamba mtu angeiita nyumba bawaba.

Tafsiri ya neno kwa neno ina hasara hapa. Mwambie dereva wa Mwanza au Mombasa kwamba ana gurudumu la tano, atakuonyesha tairi la akiba. Katika kutafuta badala yake yametajwa matatu: trela la kuegemea, trela la shingo, na trela la mgongoni. La kwanza ni sahihi kifizikia, ila kila trela la ekseli moja huegemea gari kwa kiasi fulani. La pili hutaja umbo. La tatu hutaja mahali bawaba ilipo, nasi tunalipendelea kwa sababu hiyo: hubebwa mgongoni mwa gari, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Msomaji akiona mgongoni atajua mara moja mambo mawili. Kwanza, kichwa cha trela hakitupwi nje penye kona, kwani bawaba haimo katika mkia wa gari. Pili, kwa kuwa sehemu ya nyumba imekalia pikapu, trela aghalabu huwa refu, na umbali kutoka kwenye bawaba hadi ekseli zake ni mkubwa. Rudia hesabu yetu ukiweka bawaba juu kabisa ya ekseli ya gari na mita 7 hadi ekseli za trela: katika duara lile lile la mita 8, trela litazunguka katika duara lisilofika mita 3.9. Limekata ndani kwa mita 4 na zaidi. Kweli, katika kona ya robo duara gari hunyooka kabla trela halijafika kiasi hicho. Lakini dereva aliyezoea trela la tufe akapewa la mgongoni bila kuelezwa tofauti atapanda ukingo siku ya kwanza.

Aina nyingine tutazipitia kwa haraka. Trela la hema, ambalo hukunjwa likawa chini na fupi, ni jepesi kwenda nalo mbele na lenye hila kurudi nalo nyuma: ni fupi mno, hukunjana upesi kabla dereva hajaliona katika kioo. Liliwahi kuwako, hasa Marekani katikati ya karne ya 20, trela dogo la gurudumu moja lililofungwa kwenye gari kwa pini mbili, likawa halina bawaba ya kwenda kushoto na kulia hata kidogo. Gurudumu lake lilizunguka lenyewe kama la kiti cha ofisini. Lilirudi nyuma pamoja na gari kama vile gari limeongezwa urefu, ila katika kona mkia wake ulifagia nje vibaya. Trela lenye ekseli ya mbele inayogeuka, mrithi halisi wa gari la Stables, lina bawaba mbili: moja kwenye gari, nyingine chini ya sakafu. Mkono wake ukiwa mita 2 na umbali wa ekseli zake mita 3, jumla ile ile ya mita 5, katika duara letu litapita mita 7.2 hivi. Limekata ndani nusu tu ya trela la bawaba moja. Utiifu huo unalipiwa wakati wa kurudi nyuma.

Na hapo ndipo kiini cha neno letu wenyewe. Usukani, kutoka Kiarabu, ulikuwa ubao ulio nyuma ya chombo cha baharini, unaokata maji na kukigeuza. Mkono wa kuushikia huitwa kana. Nahodha wa mashua akitaka omo iende kulia husukuma kana kushoto. Mkono huku, chombo kule. Motokaa ilipofika, wenyeji walilihamisha neno usukani kutoka tezi ya chombo hadi mbele ya kifua cha dereva, na katika kuhama huko maana yake iligeuka kinyume bila mtu kutoa tangazo: sasa mkono ukienda kulia, gari nalo huenda kulia. Ni mfano mzuri wa neno linalobadili kazi likabaki na heshima yake.

Lakini dereva akitia gia ya nyuma akiwa na trela la bawaba moja, kana hurejea. Akizungusha usukani kulia, nyuma ya gari huenda kulia, husukuma kichwa cha trela kulia, na mkia wa trela huelekea kushoto. Mwenye trela la bawaba mbili hupinduliwa mara mbili, akarudi alikoanza: usukani kulia, mkia kulia, ila viungo viwili vikianza kukunjana kila kimoja upande wake, hakuna ajuaye mwisho. Waalimu wa udereva wa pwani wangeweza kulieleza somo hili kwa mtoto wa mvuvi katika dakika moja, kwani mkono wake tayari unajua. Hatujaona kijitabu kinachojaribu.

Mabaharia wa Ulaya waliwahi kuteswa na utata huu huu. Kwa karne nyingi amri za usukani katika meli za Uingereza zilitaja upande wa kana, si upande wa meli. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, Titanic ilipokaribia siwa barafu, amri iliyotolewa ilitaja kulia. Mshika usukani akazungusha gurudumu kushoto na omo ikaanza kwenda kushoto, kama ilivyokusudiwa. Amri haikuizamisha meli ile. Kila aliyekuwapo aliielewa. Ila katika meli za mataifa mengine kulia kulikuwa kulia, na rubani aliyehama kutoka meli hadi meli alibeba hatari kichwani. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini uliotiwa saini London mwaka 1929 ulikata shauri: amri itaje upande ambao meli itageukia, wala isitaje kana.

Barabarani mkataba kama huo haujafanyika. Msikilize utingo aliyesimama nyuma ya lori linalorudi ghalani. Kata kushoto! Kata yote! Nyoosha! Je, kinachokatwa kushoto ni usukani au mkia wa trela? Utingo na dereva waliozoeana wanajua; utingo mpya na dereva mgeni hawajui, na kati yao na ukuta huenda yuko mtu. Lugha hapa inakosa kiima. Kiswahili hakina upungufu wa kukitaja, ni mazoea ya amri fupi yanayokiacha.

Rasimu moja ya kijitabu, iliyotafsiriwa na shirika la usafiri ambalo halina haja ya kutajwa, ilituletea mfano wa kosa la pili lililo karibu na hilo. Kijitabu cha asili kiliandikwa Marekani. Kilisema kona ya kulia ndiyo nyembamba na iangaliwe zaidi, na kwamba dereva anayeweza kuchagua arudi nyuma akielekeza mkia kushoto. Mtafsiri alitafsiri kwa uaminifu: kulia kulia, kushoto kushoto. Kwa Marekani maelezo hayo ni sawa. Watu huko hupita upande wa kulia, basi kona ya kulia ni ya karibu na ya ghafula. Dereva huketi kushoto, basi trela linalokunjana kushoto huonekana kwa macho yake mwenyewe dirishani. Kwetu yote mawili ni kinyume. Tanzania, Kenya na Uganda hupita kushoto, na dereva huketi kulia. Aliyefuata rasimu ile angekuwa mwangalifu penye kona pana na mzembe penye nyembamba, kisha angerudi nyuma akilikunja trela upande asiouona.

Ingekuwa rahisi kusema: badili kulia kuwe kushoto, kazi imekwisha. Lakini Kiswahili hakiishii mpakani. Dereva huvuka Rusumo akaingia Rwanda, au Kobero akaingia Burundi, au hufika Kongo, na huko magari hupita kulia. Wasomaji wa kijitabu kimoja cha Kiswahili wako pande zote mbili. Kwa hiyo tulishauri maneno ya upande yaondolewe popote inapowezekana. Kona ya karibu ni ile isiyokatiza njia ya magari yanayokuja. Kona ya mbali ni ile inayoikatiza. Upande wa dereva ni ule alioketi. Ufafanuzi huo haubadiliki Dar es Salaam wala Bujumbura, wala kwa gari lenye usukani kulia linaloendeshwa katika nchi ya kupita kulia.

Limebaki neno la ile hali ambapo gari na trela hukutana ubavu kwa ubavu na kukwama. Waingereza huifananisha na kisu cha mfukoni kinachofungwa. Mapendekezo ya kuunda nomino kutokana na kisu yamekuwako, nasi hatuyaungi mkono. Visu vingi vya nchi hii havikunjwi. Kukunjana kunatosha, kwa kuwa ni kitenzi cha kutendana na hapa kweli wawili hutendana. Kwa trela la tufe, mkono wake hufikia kona ya gari na kupinda bati. Kwa la mgongoni, pikapu lenye kitanda kifupi huweza kupokea kona ya nyumba katika kioo chake cha nyuma. Kuhusu ngeli, tumefuata trela hili, matrela haya, ijapokuwa wako wasemao trela hii, trela hizi. Jambo hilo haligongi nguzo yoyote.

Fungu la rasimu ile lililohusu kurudi nyuma lilisomeka hapo kwanza: Geuza kulia ili liende kushoto. Lilirudishwa kwa mwenyewe likiwa hivi: Kwa trela la bawaba moja, shika usukani sehemu ya chini kwa mkono mmoja. Peleka mkono upande unaotaka mkia wa trela uende. Mkia ukianza kutii, rudisha mkono upande wa pili kidogo kidogo ili gari lifuate trela. Gari na trela vikianza kukunjana, simama, usiongeze usukani. Songa mbele mpaka vyote vinyooke, kisha anza upya.